Kombe Lenye Jina la Baba Yako

Spesi mwanangu,

Begi lako liko karibu na mlango. Mashuka nimeyaweka chini, viatu vya baiskeli juu, usije ukahangaika kuvitafuta ukifika kambini Mwanza kwa mazoezi. Mengine sikuandikii. Kupika unajua, kufua unajua, na habari za wanaume nilishakueleza mpaka ukaziba masikio. Barua hii ni ya jambo moja tu, lile ulilosema siku uliyorudi na kombe.

Jasho lilikuwa limekukaukia usoni. Ulilikumbatia kombe kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, ukaliweka mezani juu ya kitambaa nilichokuwa nakikata. Nikasoma maandishi: Kombe la Zabroni. Nikakwambia, "Toa kitu hicho juu ya meza yangu." Sikusema hongera. Binti wa kwanza wa Kibondo kushinda mbio za kutoka Kasulu, na mama yako hakusema hongera.

Ukanijibu, "Mama, ni baba yangu pia."

Halafu, kwa sauti ambayo sikuizoea kwako, ukauliza, "Kama miguu hii ni yake, basi siku ile ameshinda nani?"

Mimi nikakanyaga cherehani kana kwamba sijasikia. Tangu hapo tunazungumza habari za chumvi na maji tu, na kesho unaondoka.

Nitakujibu. Ila lazima nianze mbali, maana unajua mama yako aliyekuzaa alikufaje, hilo sikukuficha ulipomaliza darasa la saba. Usilolijua ni mimi nilikuwa wapi.

Tulizaliwa Murungu, yeye kwanza, mimi nyuma yake, ndiyo maana yeye akaitwa Bukuru na mimi Butoyi, kama pacha wote wa kwetu. Tulifanana kiasi kwamba baba yetu alikuwa anatutofautisha kwa sauti, na tukinyamaza anakosea. Bukuru alikuwa mcheshi. Mimi nilikuwa yule anayesimama kando yake.

Zabroni tulimwona pamoja, siku moja, kilimani hapa kabla ya kuingia Kibondo. Alikuwa kijana wa Titye aliyekuwa akipeleka mikungu ya ndizi sokoni Kasulu kwa baiskeli, na siku ya mbio alifungua tu keria, akavua kandambili, akapanda ileile baiskeli ya mizigo. Walikuja vijana wa mbali na baiskeli za gia. Wote walipofika kilimani walikuwa wanapigana na baiskeli zao, wanazitikisa huku na huku. Yeye alikaa ametulia. Mabega hayachezi, macho mbele, kana kwamba kilima ndicho kinachoshuka chini yake. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile kikifanywa na mwili wa mtu. Nakuandikia hivyo ili ujue sikuanza kwa kumchukia.

Alimwoa Bukuru. Akashinda tena, na tena. Mimi nilipopita sokoni watu waliniita shemeji wa bingwa, na nilipenda. Nilikuwa napitia njia ndefu ili niitwe.

Wakati wa kuvuna maharage, Bukuru alikuja Murungu wewe ukiwa mgongoni kwake. Jicho moja lilikuwa limefunga. Mama yetu alikuwa shambani, tulikuwa wawili tu pale jikoni.

"Amenipiga tena, Butoyi," akasema. "Zamani ilikuwa makofi. Siku hizi ni mateke."

"Umemfanya nini?"

Ndivyo nilivyouliza, mwanangu. Hilo ndilo lililonitoka kwanza.

"Chakula kilichelewa," akasema. "Au hakikuchelewa. Sijui tena."

Nikamwambia mbio ziko karibu, mwenzio ana mawazo, zikipita atatulia, mvumilie. Nilisema kwa upole kabisa. Bukuru akanitazama kama mtu aliyejiangalia kwenye kioo akakuta kioo kimempa mgongo. Hakubishana. Jioni nikamsindikiza barabarani mwenyewe, nikakubusu wewe mguuni, nikarudi kumalizia kupepeta maharage.

Hakufika msimu wa kuvuna mahindi. Walimleta hospitali akiwa anavuja damu kwa ndani, na Zabroni akasema aliteleza akitoka kuchota maji. Polisi waliokwenda Titye kuuliza walipewa jibu hilohilo kila nyumba waliyobisha hodi. Kwamba ameteleza. Mimi ndiye niliyemwosha. Niliuona ubavu wake, na alama iliyokuwepo pale si ya kuteleza. Mama yetu naye aliiona. Alinishika mkono akasema, "Huyu mtoto tayari hana mama. Unataka asiwe na baba pia?" Nikamfunika dada yangu. Nilipomaliza nikakuchukua wewe, na Zabroni hakunizuia.

Mbio za mwaka ule hazikuahirishwa. Nilikwenda kilimani kumzomea. Nilikuwa nimepanga: akitokea tu, nitaita jina la Bukuru kwa nguvu zangu zote, mbele ya Kibondo nzima. Kulikuwa na ukungu. Watu wakaanza kusema anakuja, anakuja, halafu akatoka ndani ya ule ukungu peke yake, wengine hawaonekani hata kwa mbali, ametulia vilevile, mabega vilevile. Na mimi, Spesi, nikajikuta napiga makofi. Sikuamua. Nilisikia sauti ya mikono kabla ya kujua kuwa ni yangu. Wewe mgongoni ukawa unacheka kwa sababu watu wote walikuwa wanashangilia.

Alipofika usawa wetu aligeuza kichwa akauona uso wangu, na baiskeli ikayumba. Ni mara ile tu niliyoiona ikiyumba. Nadhani hakuniona mimi, alimwona Bukuru.

Tangu siku hiyo kuna mambo sikuwahi kukwambia. Mvua inapoanza kupiga bati nasikia watu wakishangilia. Nikiwa peke yangu kibandani naacha kushona ili nihakikishe ni mvua. Kioo cha wateja nimekigeuza kiangalie mlangoni, na wewe umewahi kuniuliza kwa nini fundi anakaa nyuma ya kioo chake mwenyewe. Nikakwambia ni mwanga.

Na wewe ukakua. Nilikununulia baiskeli ya kwendea shule kwa sababu shule ilikuwa mbali, sikuwa na wazo lingine. Siku moja nilikuwa natoka kununua uzi, nikaona mtu anapanda kilima bila kucheza mabega. Nilisimama nikashindwa kwenda mbele wala kurudi. Ulikuwa wewe, na sare yako, na daftari kwenye keria. Ukanipungia mkono. Nilikupungia, halafu nikajificha nyuma ya ukuta wa duka mpaka ukapita.

Sikukuzuia. Hilo ndilo jambo moja ambalo nadhani nililifanya sawasawa. Mara nyingi nilitaka kuuza ile baiskeli.

Baba yako alipougua aliomba akuone, na tukaenda Titye. Unakumbuka alivyokushika shavu la mguu akacheka, akasema, "Huyu atawatesa." Halafu ukatoka kwenda kumchotea maji. Kilichofuata hukukiona. Alinigeukia. Alikuwa amekonda, macho tu ndiyo makubwa.

"Bukuru," akasema. "Umekuja."

Nikasogea karibu.

"Nisamehe, mke wangu."

Ningeweza kumwambia mimi siye. Ningeweza pia kusema nimekusamehe, akafa ametulia. Nilisimama pale na uso wa dada yangu, na neno lililotakiwa halikuwa langu kulitoa. Blanketi lilikuwa limemtoka miguuni. Nikalivuta nikaifunika ile miguu, imekuwa kama fimbo, nikatoka nje. Siku chache baadaye tukaambiwa amefariki. Mpaka leo sijui kama nilitenda haki au ukatili, na sitajifanya kwako kuwa najua.

Kisha wakataka kuandika jina lake kwenye kombe.

Niliitwa Kasulu kwenye kikao cha kamati ya mbio, kwa sababu nakulea wewe na walitaka familia ibariki. Mwenyekiti, Mzee Nashoni, ni mwenyeji wa Titye pia. Alikuwa jirani wa Zabroni kabla hajahamia Kasulu mjini kufungua duka la mabati. Alisimama akasimulia jambo ambalo kila mtu pale alilijua: kwamba mkewe alishikwa na uchungu wakati mvua imekata barabara, gari halipiti, na Zabroni akamfunga kwa kitenge mgongoni kwake akampeleka hospitali kwa baiskeli, kwenye tope, na mama akapona na mtoto akapona. Alisimulia huku analia, na hakuwa anaigiza.

"Mimi nina mke kwa sababu ya miguu ya yule mtu," akasema. "Nikifa kabla jina lake halijaandikwa mahali, nitakuwa nimekufa mwizi wa fadhila."

Watu wakapiga makofi. Nikasimama. Wazee wawili waliomjua Bukuru waliniona, wakatazama chini.

"Mzee Nashoni," nikasema, "mimi sina dada kwa sababu ya miguu hiyohiyo."

Nilidhani nimemaliza. Lakini kijana mmoja wa kamati, mpole tu, mwenye adabu zake, akasema, "Pole sana mama. Ila hapa tunazungumzia baiskeli. Ya ndani ya nyumba tuyaache ndani ya nyumba. Aliyeshinda ameshinda." Mwingine akasema marehemu hawezi kujitetea. Nilitaka kumuuliza ni marehemu yupi. Wakanyoosha mikono, ikapita.

Ndiyo maana sikuja kukuona ukishindana. Nilikaa hapa nimefunga mlango, nikasubiri kelele za mjini ziniambie nani ameshinda.

Sasa nikwambie ya jana, uliposhuka sokoni kuaga rafiki zako. Mke wa Mzee Nashoni alikuja. Mama Danieli. Ametoka Kasulu kwa basi, na kitenge kipya mkononi, akasema anataka gauni. Kasulu kuna mafundi wengi, kwa hiyo nilijua si gauni. Nikamgeuza, nikaanza kumpima mabega. Akaanza kusema akiwa amenipa mgongo.

"Siku ile kwenye baiskeli alikuwa ananiambia, shemeji usilale, shemeji nihesabie miti. Nikilegea anasimama, ananikaza kitenge, anaendelea. Alikuwa analia, Mama Spesi. Alikuwa anaogopa nisife."

"Najua habari hiyo," nikasema.

"Hujui nyingine." Akaendelea bila kugeuka. "Nyumba yetu na yao zilitenganishwa na migomba tu. Siku aliyompiga Bukuru ile ya mwisho, nilisikia. Bukuru alikuwa anaita. Hakuwa anaita watu, alikuwa ananiita mimi, kwa jina langu. Danieli alikuwa bado ananyonya. Nikajiuliza, yule ndiye aliyeniokoa mimi na huyu mtoto, nitakwendaje kumwambia acha? Nikamziba mtoto masikio. Na walipokuja kuuliza nikasema aliteleza."

Utepe wa kupimia ulikuwa bado mabegani kwake. Sikujua niuondoe au niuache.

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Nilikuwa pale binti yako alipopewa kombe. Alicheka. Anacheka kama Bukuru, hakuna mtu aliyewahi kukwambia? Kila mtu anaangalia anavyopanda mlima. Mimi nilisikia kile kicheko nikashindwa kukaa kwenye kiti. Nimerudi nyumbani nikamwambia baba Danieli yote."

Mzee Nashoni, alisema, alikaa uani mpaka chai ikapoa, hakumgombeza. Kesho yake akawaita wenzake wa kamati. Mwakani kombe halitakuwa na jina la mtu. Kwenye ukuta wa ofisi yao, walikoandika washindi wote kwa rangi, Zabroni atabaki kila mahali alipo, maana kweli alishinda. Na Mama Danieli amesema atakwenda kuyasema haya kwa wale waliouliza zamani, hata kama hakuna wa kukamatwa tena.

Nilidhani siku nikisikia hivyo nitafurahi. Miaka yote nilikuwa nimemwekea nafasi mtu wa kumchukia mara nitakapojua nani alisikia. Mbele yangu kulikuwa na mama mmoja mnene, aliyefanya kilekile nilichofanya mimi jikoni Murungu. Nikamaliza kumpima. Gauni nitalishona, na nitalishona vizuri.

Sasa swali lako.

Siku ile umeshinda wewe. Miguu amekupa yeye, siwezi kukudanganya, nimeiona yake na yako ikipanda kilima kilekile. Lakini aliyeamka alfajiri kwenye baridi ya huku ni wewe, aliyeanguka kwenye changarawe akarudi na goti wazi ni wewe.

Na yeye, miaka ile, alikuwa wa kwanza. Akija mtu kumfuta pale ukutani nitakuwa upande wa ukuta. Nyumba ile imesemewa uongo wa kutosha, sitaki kuongeza mwingine. Yule kijana wa kamati alisema aliyeshinda ameshinda, na kwa hilo hakukosea. Alipokosea ni kudhani kombe lenye jina la mtu ni ushindi wake mwingine. Kuwa wa kwanza alijipatia mwenyewe, hakutuomba. Jina kwenye kombe ni letu sisi, tuliobaki kando ya barabara. Ni sisi tunaowaambia watoto, mtazameni huyu. Kabla ya kusema hivyo mbele ya watu, lazima tuweze kulisema mbele ya Bukuru. Mimi nilijaribu kulisema moyoni, kwa sababu ya ule uzuri niliouona, na kwa sababu ya Mama Danieli na mwanawe walio hai. Sikuweza. Huenda mwingine anaweza. Namwomba tu ajaribu akiwa ameuangalia ule ubavu.

Unaruhusiwa kumpenda baba yako. Imenichukua muda mrefu kuandika mstari huo, na nimeuandika bila kukata neno. Alikushika mguu akacheka, hicho ni chako, kitunze. Usikubali tu mtu akwambie, hata mimi, hata wewe mwenyewe, kwamba ili umpende lazima mama yako awe ameteleza.

Kombe liko mezani, pale ulipoliweka mara ya kwanza. Sikulikwangua jina. Ukitaka kwenda nalo, begi lina nafasi. Ukiliacha, nitalipangusa kama ninavyopangusa vitu vyako vingine.

Hongera, Spesi. Najua nimechelewa. Hongera, mwana wanje, mwanangu.

Kuna hofu moja ninayokupa uondoke nayo, na si ya mteremko wala malori. Umeanza kushinda. Ukizidi kushinda, watu watakusamehe mambo ambayo wasingemsamehe jirani yao. Utamjibu vibaya mpishi wa kambini, wao watacheka. Utachukua cha mwenzako, watasema bingwa huyo. Kidogo kidogo utaona nyumba zinazokuzunguka zimenyamaza, nawe utadhani ni utulivu. Baba yako hakuzaliwa anapiga watu mateke. Mara ya kwanza alipompiga mama yako, palikuwa na mtu wa kumwambia koma, na mtu huyo alikuwa anazunguka sokoni Kibondo akitafuta kuitwa shemeji.

Kwa hiyo Jumapili ukipiga simu, usianze na mazoezi. Niambie kwanza unalala chumba kimoja na nani, wanaitwa nani, nani kati yao anaumwa, nani umegombana naye na mmeishia wapi. Nitauliza sana, utachoka. Habari za kuwa wa ngapi tutazifikia, salio likibaki.

Mama yako,
Butoyi